Umemaliza mionzi na bado unaumwa? Soma hapa, na ndugu zako wasome

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji ndefu, kamaliza mionzi ya kansa ya koo wiki iliyopita na swali lake lilikuwa moja tu: "Mbona naumwa zaidi sasa hivi kuliko nilipokuwa nachomwa, ina maana haijafanya kazi?" Nilikosa usingizi kabisa. Swali hilohilo mimi niliuliza kipindi changu cha matibabu na sikupata wa kunijibu, kwa hiyo leo naandika kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyemaliza au anayekaribia kumaliza.

Dada yangu, kuumwa zaidi wiki hizi sio dalili kwamba matibabu yameshindwa. Mionzi haiui seli palepale unapolala kwenye mashine, inaharibu vinasaba vya ile seli alafu seli inakuja kufa baadae pale inapojaribu kujigawa, na hiyo inachukua siku, nyingine wiki. Na seli zako zenye afya za mdomoni, kooni na kwenye ngozi ya shingo zimeguswa vilevile. Ndio maana mashine imezimwa lakini vidonda vinaendelea kupanda, kwa wengi wiki ya kwanza na ya pili baada ya kumaliza ndio kilele chenyewe, alafu vinaanza kushuka taratibu sana. Mi nilikuja kulijua hili nikiwa tayari nimeshalia vya kutosha.

Mionzi yenyewe sina haja ya kusimulia sana, mliopitia mnajua. Kwa kansa za koo kawaida ni siku 5 kwa wiki, Jumamosi na Jumapili unapumzika, dozi ya jumla mara nyingi ni Gray 70 (Gray ni kipimo cha mionzi) zinagawanywa vipande 35 kwa wiki 7. Ile maski ya plastiki wanailainisha kwenye maji ya moto wanaivuta usoni inakauka ikiwa na sura yako, kisha kila siku unabanwa nayo kitandani usitikisike. Siku ya mwisho nimetoka mle ndani alama za matundu zimejichora kwenye paji la uso, na nilijivuna jamani, nilijivuna sana, sikukosa hata siku moja! Kuna hospitali mgonjwa anayemaliza anapiga kengele, utamaduni ulioanzia kituo cha MD Anderson kule Houston mwaka 1996, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Irve Le Moyne, alipeleka kengele ya shaba akaipiga alipomaliza mionzi yake. Kwetu kengele haikuwepo, tukapiga picha. Ile picha ikasambaa kwa ndugu na marafiki wote, hongera zikamiminika, umeshinda, umepona.

Alafu kimya.

Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Wiki zote za matibabu simu haikukaa, mtu wa kunipeleka yupo, wa kunisubiri yupo, ila ilipofika ile wiki ya pili baada ya picha, wiki ambayo nilikuwa siwezi kumeza hata mate yangu mwenyewe, hakuna aliyepiga. Ndugu yangu wa karibu kabisa nilipomwambia naomba uje ulale hapa siku mbili tatu akanijibu "si umeshamaliza wewe?" Nilinyamaza. Usiku nilikuwa nalala nimekaa, nimeegemea mito, pembeni kuna kopo la kutemea kwa sababu mate yalikuwa mazito kama gundi, hayamezeki wala hayatemeki, unayavuta kwa kitambaa. Kunywa maji kulihitaji mpango, dawa ya maumivu kwanza, nasubiri nusu saa ishike, ndio naanza kijiko kimoja kimoja na machozi yanatoka. Hospitali wanakupa miadi ya wiki kadhaa mbele, nyumbani wanaona umemaliza, uko katikati hapo peke yako.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na ninaouona mkubwa kuliko yote: panga watu wa wiki mbili za BAADA kabla hujamaliza. Usiwatumie wote kwenye wiki za mashine. Waambie mapema kabisa, kwa mdomo wako, kwamba nikimaliza ndio nitawahitaji zaidi. Na nyie ndugu, mgonjwa akisema njoo, nenda. Usimuulize si umemaliza. Na msiogope kumkumbatia, mionzi inayotoka kwenye mashine ya nje haibaki mwilini, hata mtoto mdogo anaweza kukaa mapajani kwake bila shida yoyote.

Pili, usiache kumeza. Hata kama una mpira wa puani au wa tumboni wa kulishia, meza maji kidogo kila siku kama wamekuruhusu, maana misuli ya koo isipotumika inakakamaa na kuirudisha ni kazi kubwa. Na taya pia, fanya mazoezi ya kufungua mdomo, kipimo chepesi ni vidole vyako vitatu vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini. Mimi ilifika vikaingia viwili tena kwa shida, nikakazana asubuhi na jioni, leo vinaingia vitatu na nafasi inabaki. Suuza mdomo mara nyingi kwa maji ya chumvi, yale ya dukani yenye spiriti yanaunguza achana nayo. Ngozi ya shingo usiisugue na uifiche jua.

Tatu uchovu. Huu hauishi kwa kulala, unaweza kulala mchana kutwa ukaamka umechoka vilevile, na unaweza kukaa nao miezi. Kilichonisaidia mimi ni kutembea, kwanza mpaka mlangoni, baadae mpaka nje, hivyohivyo. Kazini walitaka nirudi haraka kwa sababu waliona ile picha. Nilikataa, na ningekataa tena! Ndugu yangu usikimbilie kumfurahisha mtu yeyote, mwili ni wako na aliyelazwa mle ndani ni wewe, watu wanapenda sana stori ya kushinda lakini hawapendi kukaa na mtu anayepona, sasa wewe usijipimie kwa haraka yao.

Ladha itachelewa, mate pengine hayatarudi yote, chupa ya maji natembea nayo mpaka leo. Kipimo kikubwa cha PET, ile picha ya mwili ya kuangalia kama kansa imebaki, mara nyingi husubiri kama wiki 12, ukipigwa mapema uvimbe wa mionzi unaweza kuonekana kama kansa, kwa hiyo wakikwambia subiri sio kwamba wamekusahau.

Jino likiuma miaka inayokuja, usikubali ling'olewe kabla hujamwambia daktari wa meno kwamba taya lilipigwa mionzi, mfupa ule haufungi vizuri tena na unaweza kuoza. Omba pia damu ipimwe homoni ya tezi ya shingo kila miezi 6 mpaka 12, mionzi ya shingo huwa inaidhoofisha ile tezi polepole na mtu anadhani ni uchovu wa kawaida. Na wewe dada uliyeniandikia, ukishindwa kabisa kumeza maji, ukipata homa, ukitema damu au pumzi ikianza kubana usisubiri miadi, nenda hospitali usiku huohuo, na ukishafika niandikie.