Kisu cha kukunja chenye mabapa matatu: gawa kazi

Watu wengi wenye kisu cha kukunja cha mabapa matatu hufungua lile refu tu, kwa kila kitu. Haupiti muda limekuwa butu, na mawili yaliyobaki bado mapya. Mimi natembea na kile cha aina ya stockman, kilichobuniwa Marekani kwa ajili ya wafugaji, na ninakipenda kwa sababu kila bapa lina umbo lake na sababu ya umbo hilo.

Bapa refu lina ncha kali. Nimelitenga kwa chakula: kumenya chungwa, kukata embe, kugawana mkate safarini. Boksi haligusi kamwe.

Kazi chafu ni za bapa la pili, lenye makali yaliyonyooka kama rula na mgongo ulioinama hadi kukutana nayo. Halina ncha ya kuchoma, kwa hiyo unafungua kifurushi bila kutoboa kilichomo, au unakata kamba mguuni mwa mbuzi anayerukaruka bila kumjeruhi. Maboksi humaliza makali upesi sana, ndiyo maana hili nalinoa mara nyingi kuliko mengine, na silionei huruma.

La tatu, lenye ncha ya mviringo, lilikusudiwa kuhasi mifugo. Ncha ile haitoboi mahali pasipotakiwa. Hata usipofuga, liache liwe kali kama wembe kwa kazi ndogo za uangalifu, kama kuchonga penseli au kukata uzi wa mshono. Siku mabapa mengine yamechoka, hili litakuokoa.

Sasa usalama, na hapa nasisitiza. Visu hivi vya jadi havina kufuli. Bapa linashikiliwa na springi ya mgongoni peke yake, kwa hiyo ukisukuma kwa ncha linaweza kukufungia vidoleni. Kata kwa kuvuta. Usikitumie kubandua kifuniko wala kugeuzia skrubu, na fungua bapa moja tu kwa wakati mmoja.

Ukinunua, uliza chuma chake. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi, lakini maji ya limau au embe hukigeuza rangi kuwa kijivu. Rangi hiyo haina madhara; kitu cha kuogopa ni kutu nyekundu. Kifute kikauke kila baada ya kukitumia. Kama unaishi pwani na hewa ile ya chumvi, bora uchukue kisichoshika kutu.

Kwenye jiwe, inua mgongo wa bapa kidogo, nyuzi 20 hivi, na uende pande zote mbili kwa idadi sawa. Vumbi la mfukoni huingia kwenye maungio na kufanya bapa liwe gumu kufunguka: toa vumbi hilo kwa kijiti, tia tone la mafuta ya cherehani, futa yanayozidi. Na ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi.