Kapu la wiki ya saba

Juzi nilisimama kwenye shamba la vijana wawili wanaoanza kilimo hai cha wanachama, yaani watu wanaolipia msimu mzima mapema kisha wanapokea kapu la mboga kila wiki, nikaona matuta manane ya letusi, yote ya umri mmoja. Nikauliza yalipandikizwa lini. "Siku moja tu," wakajibu kwa furaha, "tulimaliza kabla jua halijazama." Nawapenda sana vijana wale, na ndiyo maana naandika nikiwa bado na hasira.

1. Anzeni na makapu machache. Makapu 15 yanayojaa kila wiki yatalilea shamba kuliko 60 yanayojaa mara tatu. Mimi nilianza na 40, na kabla ya hapo nilikuwa nimelima bustani ya nyuma ya nyumba tu.

2. Pandeni kwa zamu. Figili huwa tayari baada ya wiki nne hivi, karoti hutaka siku 70 au zaidi, kabichi nyingi miezi miwili hadi mitatu tangu zipandikizwe. Kalenda huhesabiwa kinyumenyume, kuanzia siku ya kugawa. Letusi sieni kila wiki moja au mbili, maharage machanga kila wiki mbili au tatu.

Hayo yote niliyajua kwa mdomo. Msimu wa kwanza nilipanda kila kitu ndani ya siku kumi. Wiki za mwanzo makapu yalifurika hadi wanachama wakaniomba nipunguze, nami nikadhani nimefaulu. Wiki ya tano joto likapanda, letusi zikatoa mashina ya maua, zikawa chungu. Wiki ya saba, jioni ya kuamkia siku ya kugawa, nilipita tuta kwa tuta na tochi. Karoti zilikuwa nyembamba kama penseli. Kabichi hazijafunga. Maharage yameshazaa na kukoma.

Ningeweza kuwaandikia ujumbe usiku ule ule. Sikuandika. Pesa zao za msimu mzima nilikuwa nimeshazipokea, na aibu ilinishika koo. Alfajiri nilikwenda soko la jumla nikanunua kabichi na karoti ambazo sikujua zilipuliziwa nini. Nikabandua majani ya nje ya kabichi. Karoti zilikuwa zimeoshwa zikang'aa, basi nikachota udongo wa shamba langu nikazipaka kwa mikono yangu, moja moja, makapu 40.

Mama mmoja alikuwa amekuja wiki iliyotangulia kupalilia na mtoto wake, na mtoto akang'oa karoti moja kuitazama. Yule mama alifungua kapu, akashika karoti nene kama kifundo cha mkono, akaniangalia. "Zimekua haraka," alisema. Nikajibu, "Ni mvua." Akaondoka bila neno.

Siku sita sikulala vizuri. Ya saba niliwaandikia wote, nikaeleza nilichofanya na kumrudishia pesa yeyote aliyetaka. Tisa waliondoka. Yule mama alibaki, ila aliniambia kwamba angepokea kapu la majani ya bitiruti matupu bila kulalamika. Kilichomuuma ni kwamba mtoto wake alikula akiamini ni zile alizozipalilia.

Mpango huu tangu mwanzo uliwekwa kwa ajili ya wiki kama ile. Mashamba mawili yaliyouanzisha Marekani mwaka 1986, Indian Line Farm na Temple-Wilton, yaliwataka wanachama wabebe gharama na hatari za msimu pamoja na mkulima. Katika mkataba wangu sentensi hiyo ilikuwepo, niliiandika mimi. Kwa hiyo kapu likipungua, semeni kabla ya siku ya kugawa. Mkiongezea mazao ya shamba jingine la kilimo hai, andikeni jina la shamba hilo juu ya kreti.

3. Samadi mbichi isiguse tuta la mboga za kugusana na udongo ndani ya siku 120 kabla ya kuvuna. Lundo la mboji lifike nyuzi 55, na mlipime kwa kipimajoto, mkono haupimi.

4. Nyasi za matandazo na samadi ya kupewa zijaribiwe kwanza. Pandeni maharage machache ndani ya kopo lenye udongo uliochanganywa na samadi au nyasi hizo, subirini wiki tatu. Majani yakijikunja kama kikombe, kuna dawa ya magugu, na dawa za aina hiyo hazimalizwi na joto la lundo. Jirani yangu mkarimu kupita wote ndiye aliyenipa nyasi za namna hiyo, naye hakujua.

5. Pesa za uanachama zigaweni kwa wiki za msimu siku ileile mnapozipokea.

Na nyinyi wawili wa matuta manane: anzeni kuvuna letusi wiki hii zikiwa changa, wapeni wanachama mbili mbili na mwaambie kwa nini. Leo jioni sieni trei moja. Moja tu. Nyingine wiki ijayo.