Chumvi Imeshatosha Kwenye Jibini

Wiki hii mliuliza: "Unapowaandalia wageni sinia la jibini na nyama za kukaushwa, unaweka kreka gani, na kwa nini?" Mimi huandaa vyakula vya shughuli ndogondogo Mombasa, mara nyingine Nairobi, na wateja huniuliza swali hili hili kila tunapokaa kupanga vitu vya kununua. Jibu langu ni fupi. Chukua kreka isiyo na ladha kubwa, yenye chumvi kidogo kuliko zote utakazoziona dukani, na uiweke kwa ajili ya jibini. Nyama itafutie mkate. Najua hilo la mwisho wengi hawatakubaliana nalo, kwa hiyo nitalifikia kwa utaratibu.

Tuanze na chumvi. Cheddar ya kawaida ina takriban gramu 1.8 za chumvi katika kila gramu 100. Jibini ya buluu kama Roquefort hukaribia mara mbili ya hapo, na nyama za kukaushwa kama salami au bresaola huzunguka gramu 4. Kwa vipimo vya lishe vya Uingereza, chakula kikipita gramu 1.5 kwa gramu 100 kinahesabiwa kuwa na chumvi nyingi. Maana yake ni kwamba karibu kila kitu kwenye sinia lako kimeshavuka mpaka huo kabla kreka haijatolewa kwenye pakiti. Sasa ukileta kreka zilizonyunyiziwa punje za chumvi juu, punje hizo ndizo zinazogusa ulimi mwanzo, na baada ya vipande vitatu vinne mgeni haonji tena tofauti ya jibini hii na ile. Anatafuta maji tu.

Pakiti nyingi za huku kwetu haziandiki chumvi, zinaandika sodiamu. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe: miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi. Simama dakika moja pale dukani, linganisha pakiti mbili, chukua ya chini. Ni kazi ndogo na inaokoa sinia zima.

Ladha nazo ni vivyo hivyo. Siku hizi rafu zimejaa kreka za rosmari, za kitunguu saumu, za pilipili, za nyanya iliyokaushwa. Zile ni nzuri kuliwa peke yake na chai au soda. Lakini mtu amenunua jibini nne tofauti, kila moja imekaa miezi yake ikiiva, halafu anaziweka zote juu ya kreka ya kitunguu saumu. Kilichobaki mdomoni ni kitunguu saumu mara nne. Inaniuma nikiona hivyo, hasa jibini ikiwa ya watu wetu. Kina Brown wa Tigoni, Limuru, wanatengeneza jibini tangu 1979, na kazi ya namna hiyo inastahili kuonjwa yenyewe.

Kreka ninayoipenda kuliko zote ni ile ya unga na maji yenye mafuta kidogo mno. Asili yake ni biskuti ya meli. Mabaharia wa zamani walibeba biskuti za unga na maji zilizookwa hadi zikauka kabisa, bila mafuta, kwa sababu mafuta yangechacha safarini. Zilikuwa ngumu hata zikalazimika kulowekwa ndipo zitafunike. Waokaji wa nchi kavu walizifanya nyembamba na nyepesi zaidi, na Carr's, kampuni aliyoianzisha Jonathan Dodgson Carr mjini Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1831, ndiyo iliyozipa umaarufu mezani. Itazame moja kwa karibu: ni nyeupe iliyofifia, imetoka malengelenge madogo ya kahawia pale moto ulipoikamata, na ina vitobo vilivyopangwa. Vitobo vile si pambo. Unga ukiingia kwenye oveni kali, maji yaliyomo hugeuka mvuke. Bila matundu ya kutokea, mvuke huo ungeifura kreka katikati kama chapati inavyofura juu ya kikaango. Ukiivunja inakatika mara moja, haimung'unyiki. Kwa sababu hiyo inastahimili jibini laini: unaweza kuipaka brie kwa kisu butu, ukakandamiza, isipasuke mkononi.

Inayofuata kwangu ni ile ya mraba inayoitwa kreka ya krimu (si zile biskuti tamu zenye krimu katikati). Ilianza kutengenezwa na Jacob's wa Dublin mwaka 1885. Unga wake hutiwa hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukakunjwa na kusukumwa tabaka juu ya tabaka, na ndiyo maana ukiing'ata inaachia magamba. Tabaka hizo ndizo uzuri wake na ndizo udhaifu wake. Kwa jibini inayokatwa slesi, kama Cheddar au Gouda, inafaa sana, hasa ukiipaka siagi isiyo na chumvi kwanza. Wasomaji wa Goma watanielewa nikisema jibini ya Masisi, kule kwao Kongo: ile ya duara, ya manjano, ya upole, inakaa juu ya kreka hii kana kwamba zilipangiwa. Lakini ukiikandamizia brie inavunjika vipande vitano na magamba yanajaa mapajani kwa mgeni aliyevaa kanzu nyeupe.

Kreka za siagi, za jamii ya Ritz iliyotoka Marekani mwaka 1934, watu huzikimbilia kwa sababu ni tamu zenyewe. Karibu robo ya uzito wake ni mafuta, na zina sukari. Weka juu yake kipande cha salami, ambacho nacho ni mafuta, na jibini, ambayo ni mafuta pia, na mdomo unapakwa utando usioondoka. Mimi huziweka palipo na jibini mbichi nyepesi tu, au watoto wakiwepo.

Jibini ya buluu ndiyo ninayoitafutia utamu kwa makusudi. Biskuti ya daijestivu ya kawaida, ile ya unga wa ngano isiyokobolewa ambayo McVitie's wameitengeneza tangu 1892, ina utamu mdogo na ukavu unaoishika ile chumvi kali ya jibini ya buluu kama Stilton vizuri sana. Kreka za oti za Uskoti hufanya kazi iliyo karibu na hiyo bila sukari nyingi, ila hapa kwetu bei yake haishikiki. Mkate wa mofa wa mtama, ukilala siku moja, ukatwe slesi nyembamba na kukaushwa kwenye oveni, unabeba Cheddar iliyokomaa bila taabu yoyote, na ningependa kuuona kwenye masinia mengi zaidi kuliko ninavyouona sasa.

Sasa nyama. Nyama iliyokaushwa kwa chumvi ina nyuzi na inanyumbuka. Kreka haina hata kidogo cha kunyumbuka. Chukua slesi ya bresaola uikunje juu ya kreka, uing'ate, na utazame kinachotokea: kreka inakatika papo hapo, nyama haikatiki, meno yanaivuta, slesi nzima inatoka na nusu ya kreka inaanguka sakafuni. Watu wenye adabu wanaimeza yote kwa pamoja ili wasiaibike, na hapo hakuna aliyeonja kitu. Waitaliano walilitatua jambo hili zamani. Kule Torino wana grissini, vijiti vya mkate mkavu, na nyama huzungushwa kwenye kijiti chenyewe, ukala kwa kung'ata kutoka nchani. Kama hupati vijiti, boflo inatosha kabisa: ikate slesi nyembamba, ichome upande mmoja tu, upande wa pili ubaki laini. Ule ulaini unafuata nyama na meno yanakata vyote viwili kwa pamoja. Kama lazima iwe kreka, basi ikate nyama vipande vidogo vya ukubwa wa kidole gumba kabla ya kuipanga.

Na kwa kuwa niko Mombasa, siwezi kuandika habari ya nyama hizi bila kutaja uhalali. Shughuli zangu nyingi zina Waislamu na Wakristo meza moja, kwa hiyo sinia la nyama ya nguruwe, likiwepo, linakaa mbali, na kisu chake, na kreka zake. Wala usidhani kuepuka nguruwe kunakunyima kitu. Bresaola ya Valtellina, kaskazini mwa Italia, asili yake ni nyama ya ng'ombe. Tafuta iliyogongwa muhuri wa halali, maana watengenezaji wengine huilowesha na divai. Pastirma ya Kayseri, Uturuki, nayo huwa ya ng'ombe, na hupakwa bandiko zito la uwatu, kitunguu saumu na pilipili. Mtu wa pwani au wa Maskati akiinusa tu anautambua ule uwatu. Ladha yake ni kali, kwa hiyo mpe mkate mtupu usio na chochote. Biltong, ile nyama kavu ya Afrika Kusini, wala haihitaji kitu. Weka bakuli, watu watajichukulia.

Uhalali huo huo uutazame kwenye kreka. Taralli ni kreka za Italia zenye umbo la pete. Zile za Napoli zinazoitwa za sugna na pilipili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, wakati zile za Puglia hukandwa kwa mafuta ya zeituni, na zote huitwa taralli. Soma viungo vyote hadi mwisho. Jibini nayo, kimeng'enya chake cha kugandisha maziwa huweza kutoka tumboni mwa ndama, jambo ambalo wasiokula nyama watataka kulijua kabla, si baada. Aliye na maradhi ya siliaki, ambaye ngano inamdhuru, mwekee kreka za mchele kwenye sahani yake na kisu chake mwenyewe. Chembe za ngano zilizoshikwa na kisu cha pamoja zinatosha kumuumiza.

Kuna adui mmoja ambaye maelezo ya Ulaya hayamtaji, naye ni hewa yetu. Kreka nzuri ina maji kidogo sana ndani yake, na wanga wake hunyonya unyevunyevu haraka. Mombasa, Dar au Unguja msimu wa joto, pakiti iliyofunguliwa saa saba mchana, ifikapo saa nane kreka zimekuwa teketeke. Kwa hiyo pakiti ifunguliwe wageni wakishakaa. Toa chache, ongeza zinapopungua. Usizipange kreka karibu na jibini halafu ukafunika sinia kwa nailoni ukaingiza frijini. Maji ya jibini yanahamia kwenye kreka na hakuna atakayezigusa. Jibini pia usiiwahishe. Wazungu hushauri itoke frijini saa nzima kabla ya kuliwa, lakini kwa joto letu nusu saa inatosha, la sivyo Cheddar inaanza kutoa mafuta juu na brie inatambaa kwenye ubao.

Kreka zikishalainika usizitupe. Zitandaze kwenye trei, oveni ya nyuzi 150, dakika tano. Zikitoka zitaonekana bado laini. Ziache juu ya waya zipoe kabisa, maana zinakauka zikipoa, na kreka ya moto huyeyusha jibini. Zikishapoa ziingie moja kwa moja kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana.

Aliye mbali na maduka makubwa, au asiyetaka kulipia bei ya vitu vya nje, azioke mwenyewe. Mimi hutumia gramu 250 za unga wa ngano, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta na mililita 100 hivi za maji. Kanda hadi unga ulainike, ufunike upumzike nusu saa ili usirudi nyuma unaposukuma. Gawanya madonge mawili, kila moja lisukume jembamba kuliko chapati yoyote uliyowahi kusukuma, milimita 2 au chini yake, na hapa usijionee huruma, kwa sababu kreka nene huwa ngumu badala ya kuwa kavu. Kata miraba, toboa kwa uma kila mahali, oka kwa nyuzi 200 dakika 12 hadi 15. Za pembeni huiva mwanzo. Zitoe, uziache za katikati zipate rangi. Ukitaka ufuta, nyunyiza kwenye donge moja tu, hilo la kuliwa na jibini za upole. Zipoe, zifungie mkebeni. Siku ya shughuli, kwa wageni wanaokula vitu vingine pia, hesabu kreka tano au sita kwa kila mtu.