Kioo gani kwa mlango wa bafu na ukingo wa roshani?

Ndugu, umeuliza kama kioo cha kawaida cha milimita 6 kitafaa mlango wa bafu na ukingo wa roshani. Hapana, kotekote. Bafuni weka kilichoimarishwa kwa joto: kikipasuka humwagika chembechembe butu, si vipande virefu vya kuchana mtu. Ila matundu ya bawaba yatobolewe kabla hakijaingia tanuruni. Fundi akikigusa na drili baadaye, kinasambaratika chote. Mwulize pia ulipo muhuri wa kiwandani unaoonyesha kimeimarishwa, mara nyingi huwa kwenye kona.

Roshani inataka cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati. Kikivunjika, vipande hubaki vimeshikana, mtoto hapiti.

Dirisha la choo? Kioo cha maua, chenye nakshi zinazoficha ndani, kinatosha, wala bei yake haiumi.