Kodi imelipwa, lakini mto uko mlangoni

Mdogo wangu, umeuliza kama wewe na wadogo zako muendelee kulala katika chumba chenu kando ya mto Mathare, Nairobi, msimu huu wa masika, kwa kuwa kodi mmeshailipa. Kodi isikufunge. Kule Mai Mahiu, mji mdogo wa Kenya ulio bondeni, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokusanyika nyuma ya kalvati (mfereji wa kupitisha maji) iliyoziba chini ya reli yalijipasulia njia na kuwazoa watu wakiwa usingizini. Hatari ilitoka juu, mahali wasipopaona.

Kwa hiyo kubalianeni mapema, tena mchana, njia ya kupandia mahali pa juu na nyumba ya jamaa mtakapokimbilia, na usiku wa mvua kubwa mmoja wenu abaki macho. Vitambulisho na vyeti vya shule vitie katika mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachobana, na mkebe huo ukae karibu na mlango, wala si chini ya godoro. Maji yakianza kuingia, zima swichi kuu ikiwa bado umesimama pakavu, kisha tokeni bila kurudia televisheni. Msivuke maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya magotini. Mkirudi, chemsheni maji ya kunywa, maana kipindupindu hupenda kufuata mafuriko.