Jibu: Kwa nini maduka ya Mtaa wa Gizenga yamebadilika

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini maduka ya Gizenga, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, yaliyowahudumia wenyeji, sasa yanauza vinyago na picha za kuchorwa za mtindo wa Tingatinga. Wafanyabiashara wengi wenye asili ya Kihindi, waliouza chini na kuishi ghorofani, waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964; kisha biashara ilipolegezwa masharti katika miaka ya 1980 na utalii ukakua, hasa baada ya UNESCO kuuorodhesha Mji Mkongwe kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, wenye maduka wakamfuata mgeni. Mnunuzi mwenyeji (nami nikiwemo) hununua katika maeneo ya Darajani au Michenzani. Majengo yenyewe hayabadilishwi kiholela, kwani kibali hutolewa na mamlaka ya hifadhi ya Mji Mkongwe, ingawa kwa maoni yangu mabango yangestahili kusimamiwa kwa ukali zaidi.