Re: Alama ya R na P kitakoni mwa chombo cha maua

Habari mkuu. Umesema chombo ulichonunua mnadani huko Ohio kina R iliyogeuzwa ikishikana na P, ndimi za moto zimezunguka juu, na chini yake VII. Unauliza kama ni cha mwaka 1887.

Hapana. Hiyo ni alama ya Rookwood, kiwanda cha vyombo vya udongo alichokianzisha Maria Longworth Nichols mjini Cincinnati mwaka 1880. Kwanza hesabu ndimi. Kuanzia 1887 waliongeza ulimi mmoja kila mwaka, na 1900 zikafika 14. Hapo nafasi ikawa imebana, basi toka 1901 wakaandika mwaka kwa namba za Kirumi chini ya alama. Zikiwa 14 pamoja na VII, chako ni cha 1907.

Halafu tafuta herufi zilizochorwa kwa ncha kwenye udongo: ni za msanii. Kataro Shirayamadani, Mjapani aliyefanya kazi pale miaka mingi, alitumia maandishi ya kwao. Ukiona X iliyokwanguliwa baadaye, kiwandani walikiona kina kasoro.

Bei siwezi kuisemea bila picha. Weka ya kitako, mchana, bila flashi.